Barabara gani hii? Naweka picha za njia za vumbi, ninyi mtaje ni wapi

Fundi Kifusi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kupima udongo wa barabara. Nachimba vishimo kandokando ya njia, natia kifusi kwenye mifuko, napeleka maabara kuona kama kinashindiliwa au tukatafute kilima kingine. Miaka 14 nimekula vumbi kuanzia Ngara mpaka Newala, na kwenye simu nina picha nyingi za njia kuliko za wanangu. Mama watoto ameshalalamika. Badala ya kuzifuta nimeona nizilete humu tushindane.

Masharti ni haya. Naweka picha, unataja wilaya. Ukitaja mkoa peke yake unapata nusu alama. Lazima useme umejuaje, la sivyo hiyo ni ramli. Kuitafuta picha Google ni marufuku, na haitakusaidia maana hizi hazijawahi kutoka kwenye simu yangu. Kwa wenye bando la mawazo, naeleza kilichomo.

PICHA YA 1. Njia ya udongo mweusi, imepasuka nyufa. Kushoto ua wa minyaa mrefu kuliko mtu. Mbele mawe makubwa yamepandana kama magunia ghalani. Kijana na ng'ombe sita hivi. Miiba ya kando ya njia imenasa vitu vyeupe vyeupe.

Ndugu Lawama

Singida. Mawe, minyaa, ng'ombe. Leta alama zangu nikalale.

Kitonga Hoi

Dodoma hiyo, njia ya kwenda Chemba. Nimepita nikiwa na homa lakini naikumbuka.

Nyakato86

Ninyi mkiona jiwe tu mnakimbilia Singida. Jiwe hata Mwanza lipo, hata Iringa lipo. Tazameni chini.

Udongo unaopasuka namna ile ni mbuga. Kwetu Usukumani kila ardhi ina jina lake kadiri unavyoshuka kutoka kwenye mawe. Ukitoka mlimani unakuta luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Ukishuka ni ibambasi, ardhi ngumu kama saruji, jembe linaruka. Chini kabisa ni mbuga nyeusi, ikinyesha gari halitoki, ikikauka mguu unaingia ufa mzima. Kwa hiyo mpiga picha alisimama bondeni akitazama juu kwenye mawe.

Na hivyo vyeupe si manyoya ya kuku. Ni pamba. Msimu wa ununuzi malori yanabeba marobota yasiyofungwa vizuri, kila mwiba wa njiani unachukua ushuru wake. Singida ungeona mashina ya alizeti. Nasema Shinyanga, wilaya ya Kishapu.

Fundi Kifusi

Kishapu. Alama nzima kwa Nyakato86.

Niongeze kidogo maana hapa ndipo pangu. Huo mpangilio wa udongo kubadilika kutoka kilimani hadi bondeni una jina la kitaalamu duniani kote, katena, na aliyelitunga alikuwa mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Mwaka 1935. Bibi zetu walikuwa wanapanda mtama kwa kufuata majina yale yale bila kuandika popote.

Muscat Kwetu

Wakuu salaam kutoka Muscat. Uzi mtamu, nimeweka kambi.

Mimi mchezo huu nacheza kwenye kompyuta, unaitwa GeoGuessr. Aliuanzisha Mswidi mmoja, Anton Wallén, mwaka 2013. Unarushwa mahali popote kwenye picha za Google Street View, unazungusha macho, unabandika alama kwenye ramani. Kuna watu wanaijua nchi kwa sekunde moja, sitanii. Siri ni kwamba hawaangalii nchi, wanaangalia gari la Google lenyewe. Kenya gari lilikuwa na bomba la kuvutia hewa linaloonekana pembeni ya picha. Ghana kuna utepe mweusi umefungwa kwenye chuma cha juu. Nigeria nyuma yako kuna gari la polisi linakusindikiza. Ukiona hivyo umemaliza, hata mti huhitaji kuutazama.

Utingo Mstaafu

Yaani unajua Kenya kwa kutazama bomba la gari? Hiyo ni sawa na kumjua mgeni kwa viatu vya aliyemleta.

Muscat Kwetu

Mzee wangu, mchezo ni pointi. Ila nakubali Tanzania inanitoa jasho. Gari lile lilipita Kenya na Uganda, kwetu bara miaka yote niliyocheza nilikuwa naletewa vijipande tu, kama zile picha za Gombe za mwaka 2014, walizopiga kwa kamera ya kubeba mgongoni msituni kwa sokwe. Ndiyo maana nimekuja humu kujifunza.

Fundi Kifusi

Karibu sana. Basi jaribu hii.

PICHA YA 2. Njia nyekundu, laini, imelowa. Migomba pande zote mbili imefunga, chini yake kuna mibuni. Pale migomba inapokoma inakoma ghafla, na mbele ni uwanda wa nyasi mtupu, hauna mti wala nyumba. Bodaboda amebeba ndizi mikungu minne, namba ya pikipiki haionekani. Kuna kibanda kimepakwa rangi nyekundu.

Muscat Kwetu

Uganda, Masaka. Udongo mwekundu, migomba, bodaboda. Hapa sikosi.

Mnyakyusa Asili

Nilitaka kusema Rungwe kwa mapenzi, lakini dhamira imekataa. Udongo wetu Tukuyu ni wa volkano, mweusi, unashika kwenye viatu kama ugali wa ulezi. Na kwetu hutatembea mbali bila kuona chai au parachichi. Siyo kwetu.

Goma Ville

Jambo wote. Mimi niko Goma. Kwetu pia si kwenyewe, mawe ya volkano yamejaa njiani, na mzigo kama ule ungebebwa na chukudu, si pikipiki. Watu wa huko muone chukudu siku moja: baiskeli ya mbao, magurudumu ya mbao, inabeba magunia mpaka unahurumia anayeisukuma.

MtuWaNakuru

Kisii? Ndizi ziko, lakini hiyo nafasi tupu ya nyasi haiwezekani. Kisii hata mahali pa kuzika ni shida, nyasi za bure zitoke wapi. Nimejitoa.

Kitonga Hoi

Angalieni wanaendesha upande gani. Tanzania, Kenya na Uganda ni kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo ni kulia.

Utingo Mstaafu

Kitonga, kwenye njia ya vumbi kila mtu anaendesha penye nafuu. Mvua ikinyesha hata katikati ni upande. Na usukani usikudanganye, Burundi unakuta magari chungu nzima yana usukani kulia maana yameshushwa bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani.

Ta Kahawa

Wazee tulieni, mmefika nyumbani.

Ile migomba inayokoma ghafla ndiyo saini yetu. Muhaya anaishi ndani ya kibanja: migomba, kahawa, maharage, nyumba na makaburi ya babu vyote humo. Miaka na miaka nyasi na samadi zimeingizwa kwenye kibanja, udongo wake umeshiba. Nje ya hapo ni rweya, uwanda wa nyasi, ardhi imechoka, unachunga na kukata nyasi za kuezekea na za kutandaza. Mpaka wa kibanja na rweya unaonekana kama umekatwa kwa kisu. Masaka migomba ipo, ila huo mkato hutauona hivi.

Kibanda chekundu: nyekundu ya Airtel iko pande zote za mpaka, haisaidii. Lakini nimeikuza picha, herufi ya kwanza ni V. Vodacom Uganda haipo. Muleba.

Fundi Kifusi

Muleba. Umetisha, Ta Kahawa.

Nyakato86

Hoja ya vibanda ni nzuri, tuiongeze nyama. Wakala wa pesa wa Kenya ni kijani ya Safaricom, Uganda njano ya MTN inakupiga macho tangu mbali. Kwetu nyekundu, bluu na machungwa. Tena zinasaidia kujua mwaka. Ukiona Halotel, picha ni ya baada ya Oktoba 2015. Ukiona Yas, ni baada ya Novemba 2024 walipoacha jina la Tigo. Ila kwenda nyuma ujihadhari: Zain iligeuka Airtel 2010, na kuna ukuta wa duka njia ya Maswa uliendelea kuandikwa Zain miaka mingi baadaye kwa sababu mwenye duka alisema rangi bado nzima.

Fundi Madishi

Mmesahau madishi. Unapotaka kujua kaskazini iko wapi kwenye picha ya kijijini, tafuta dishi. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, sisi tuko nyuzi 30 hadi 40. Kwa hiyo dishi la Azam popote Tanzania linatazama magharibi, limejipinda kidogo kuelekea kaskazini. La DStv setilaiti yake iko nyuzi 36, karibu utosini mwetu, ndiyo maana dishi lake limelala chali kama sufuria la kukinga mvua. Nimefunga madishi miaka minane, sijawahi kulielekeza la Azam mashariki nikapata picha.

Muscat Kwetu

Hii naenda kuwafundisha wenzangu. Ulaya tunatumia jua: likiwa upande wa kusini uko nusu ya kaskazini ya dunia.

Fundi Madishi

Kwetu jua halina upande, ndugu. Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Mtu wa Dar es Salaam linampita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Ukilifuata bila kujua mwezi litakupeleka baharini.

Kitonga Hoi

Na alama ya X ukutani, ile ya nyumba ya kubomolewa? Nyumba ikiwa na X mimi nakisia Tanzania kwanza, kabla ya kutafuta dishi.

Ndugu Lawama

Usinikumbushe X. Sheria ya barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia, nikalala mwenye nyumba nikaamka nimo ndani ya barabara. Tuendelee na mchezo.

Fundi Kifusi

Pole sana Lawama. Sasa ngumu. Hii nimeiwekea akiba, sidhani kama mtaipata leo.

PICHA YA 3. Njia ya changarawe nyekundu, imenyooka mpaka inapotea. Misitu pande zote mbili. Hakuna mtu, nyumba, nguzo ya umeme wala kibao. Majani ya miti mengi ni mekundu. Vivuli ni vifupi, viko chini ya miti yenyewe. Kushoto mbali kidogo kuna kitu kama nguo.

Ndugu Lawama

Singida.

Nyakato86

Lawama, Singida ni mkoa, siyo dawa ya meno.

Muscat Kwetu

Vivuli hakuna, jua liko juu kabisa, basi ni ikweta. Majani mekundu ni majira ya kupukutika. Nasema Kenya, Laikipia.

MtuWaNakuru

Laikipia haina msitu wa namna hiyo bana. Huko ni migunga na nyasi. Hiyo si Kenya kabisa.

Utingo Mstaafu

Kijana wa Muscat, Fundi Madishi ametoka kukueleza sasa hivi. Na hayo majani hayapukutiki, yanachipua. Huo ni miombo. Mwishoni mwa kiangazi, kabla tone la mvua halijaanguka, miti inatoa majani machanga mekundu kama shaba, baadaye ndiyo yanakuwa kijani. Septemba, Oktoba. Changanya na jua la utosini: mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya Tabora na Dodoma, likifika tarehe ishirini na kitu liko Tunduru. Kwa hiyo ni ukanda wa Tabora, Katavi, Chunya, au kusini Liwale, Tunduru. Inaweza kuwa hata Zambia.

Mnyakyusa Asili

Nasema Tunduru. Nilifundisha huko.

Kitonga Hoi

Tunduru ungeona mikorosho.

Mnyakyusa Asili

Mikorosho iko vijijini, hapo ni porini. Sababu yangu bado ina afya.

Roho Inauma

Wakuu samahani kuingilia. Nimeona mna vipaji. Kuna mtu wangu wa karibu ameniambia yuko Songea anauguza mama yake. Amenitumia picha hii amesimama kando ya njia, nyuma kuna duka na kisima. Naomba mniambie ni Songea kweli au la. Nina sababu zangu.

Ndugu Lawama

Songea yenye minazi? Kaka umepigwa.

Fundi Kifusi

Lawama futa hiyo sasa hivi. Roho Inauma, ondoa picha ya huyo dada. Uzi huu ni wa njia, siyo wa watu. Hatujui wewe ni nani, hatujui yeye anamkimbia nani. Nimeshawaita wasimamizi.

Roho Inauma

Minazi. Asanteni.

Nyakato86

Ona sasa.

Lawama ulidhani unachekesha. Huyo dada kama yuko kwa shangazi yake kwa sababu za maana, umemuuza kwa neno moja.

Ndugu Lawama

Nimefuta. Mnisamehe, sikufikiri. Mkono ulitangulia.

Mama Vitunguu

Mimi huwa nasoma tu humu, leo niseme. Akina dada, picha mkiituma kawaida WhatsApp inafuta taarifa za mahali, lakini mkiituma kama faili zinabaki humo humo. Ingieni kwenye mipangilio ya kamera mzime mahali. Na mkipiga picha tazameni nyuma yenu kuna nini. Baba huyo kama ana wasiwasi ampigie simu waongee, siyo kuja kumpigisha ramli kwa watu wasiomjua.

Fundi Kifusi

Wasimamizi wameiondoa picha. Ahsante mama. Tunaendelea, na sitaki kuona uso wa mtu tena kwenye uzi huu.

Picha ya 3 bado iko wazi.

Ta Kahawa

Hiyo nguo inanisumbua. Ni ya bluu. Shuka ya Mmasai?

Kitonga Hoi

Mtu ameanika nguo. Basi kuna kijiji karibu, tutafute mto.

Utingo Mstaafu

Nani anaanika nguo porini pasipo hata njia ya miguu?

Subirini nivae miwani.

Wakuu, ikuzeni. Siyo bluu tupu. Ni bluu na nyeusi, kipande cha mraba, kimefungwa kwenye fremu ya vijiti. Hicho ni kitambaa cha ndorobo. Watu wa mjini mnaita mbung'o. Ndorobo anapenda rangi ya bluu na nyeusi, anavutwa nayo, na kitambaa kimepakwa dawa, akitua amekwisha. Wanavifunga kando ya njia zinazopita kwenye mapori ya akiba.

Njia hizo nimepita nikiwa utingo. Ukiingia porini dereva anasema pandisheni vioo, hata joto likiwa la tanuri. Ndorobo anafukuza gari linalotembea, anadhani ni nyati. Tulikuwa na shati moja la bluu la kazini, bosi aliyelinunua ningemkuta leo tungeongea vizuri. Anachoma juu ya nguo, hata suruali ya jinzi haimzuii.

Sasa kusini kuna mapori, magharibi kuna mapori. Lakini kulia kwenye picha, mti wa tatu, juu, kuna gogo limelazwa kwenye tagaa. Ule ni mzinga. Nyuki na ndorobo na changarawe nyekundu: hiyo ni njia ya Ipole kwenda Rungwa. Wilaya ya Sikonge, Tabora. Nimemaliza.

Ta Kahawa

Mzee amepiga bao la kisigino.

Muscat Kwetu

Nimeikuza mpaka imekuwa vumbi tupu na kweli ni mzinga. Mimi nilidhani ni tawi lililovunjika. Nimevua kofia.

Fundi Kifusi

Mnajua nilichotegemea? Nilidhani mtaijua kwa kokoto. Ile changarawe ina vipele vyekundu vigumu kama njugu, nilichimba kilo hamsini za sampuli hapo hapo, na picha niliipiga kwa ajili ya kokoto. Tarehe 6 Oktoba, saa sita na nusu na kitu. Kitambaa sikuwa nimekiona mpaka leo Ta Kahawa aliposema bluu. Nilikuwa nimekipa mgongo nikijipiga makofi shingoni.

Njia ni ya Ipole kwenda Rungwa, Utingo hajakosea. Ila kuna jambo.

Utingo Mstaafu

Jambo gani tena?

Fundi Kifusi

Nilitokea Ipole na nilikuwa nimeshavuka mpaka wa mkoa. Nilisimama upande wa Rungwa. Hiyo ni halmashauri ya Itigi, wilaya ya Manyoni.

Nyakato86

Manyoni iko mkoa gani, tukumbushane.

Mnyakyusa Asili

Aa, hapana. Hapana jamani.

Ndugu Lawama

SINGIDA.

Utingo Mstaafu

Hakusema sababu! Masharti yanasema lazima useme umejuaje! Mimi nimeitaja njia yenyewe, nimetaja ndorobo, nimetaja mzinga!

Fundi Kifusi

Utingo alama nzima kwa njia. Lawama hakutoa sababu, kwa hiyo nusu yake naikata mara mbili, anapata robo.

Ndugu Lawama

Robo naipokea. Picha ya 4 lini? Jibu langu liko tayari.